Roki Haikatai Lugha Zetu

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mpiga gitaa katika bendi ya vijana wenzake, alinijia hivi karibuni na dai ambalo nimelisikia mara nyingi: kwamba Kiswahili hakiingii katika roki. Maneno yetu, alisema, ni marefu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali ngoma za roki zadai neno fupi lenye kishindo. Ndiyo maana bendi yake huimba Kiingereza, sawa na bendi nyingi za roki ninazozisikia jijini Nairobi.

Sikumjibu kwa nadharia. Nilimpa nyimbo tatu za Zambia za miaka ya 1970, ambazo mimi mwenyewe sikuzifahamu hadi juzijuzi, na ambazo sasa ningempendekezea kila mwalimu wa lugha.

Wa kwanza ni "Nizakupanga Ngozi" wa Ngozi Family, kundi la marehemu Paul Ngozi, uliotoka mwaka wa 1977. Lugha yake ni Kinyanja cha mjini. Hebu msomaji alichambue jina hilo kama tufanyavyo darasani: ni- ya mtenda, -za- ya wakati ujao, -ku- ya mtendwa, kisha mzizi wa kitenzi. Mpangilio ni ule ule wa "nitakufanya". (Asidanganyike na maana, lakini. Kwa Wanyanja "ngozi" ni hatari au ajali, haihusiani na ng'ombe; na "panga" hapa ni kutenda.) Mkazo nao hukaa pale pale tunapouweka sisi. Gitaa linanguruma kama msumeno, na kitenzi hicho cha silabi tano hakitetereki. Mwaka wa 2024 mwanamuziki wa Marekani, Tyler, the Creator, alichukua kipande cha wimbo huo akakitia katika wake uitwao "Noid". Roki ya Kiingereza imejaa kwao tele. Yeye alikuja kuchota katika Kinyanja.

Wa pili ni "Khala My Friend" wa Amanaz, katika albamu yao Africa ya mwaka wa 1975. Huu ni wa taratibu, wenye simanzi. "Khala" ni "kaa" yetu: Kiswahili kimeidondosha l iliyokuwa kati ya irabu, ilhali Wagiriama wangali nayo katika "kukala". Mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kufundisha kipindi kizima kwa neno hilo moja.

Wa tatu, "Strange Dream" wa kundi la WITCH, pia wa 1975, ni wa Kiingereza kitupu. Naupenda kwa gitaa lake, ingawa nikiufumba macho na kuusikiliza naiona London. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kutokana na Mick Jagger. Jina hilo lilipofika Zambia lilitiwa irabu mwishoni likawa la Kibantu. Nyimbo zenyewe zilichelewa kidogo.

Bendi hizi zilipata nafasi kwa sababu Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Kisha bei ya shaba ikaporomoka katikati ya muongo huo, fedha za kununulia santuri zikaadimika, na baadaye UKIMWI ukawaua wanamuziki wengi. Chanda aliingia kuchimba vito. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilipozitoa upya santuri hizo katika miaka ya 2010, magazeti ya ng'ambo yakasema "zimegunduliwa", neno ambalo silipendi, kwani Wazambia waliozinunua walikuwa hai. WITCH wamerudi jukwaani, na mwaka wa 2023 wakatoa albamu mpya, Zango.

Mwanafunzi wangu alirejea na ubeti wa Kiswahili. Kasoro ilikuwa moja: alilazimisha "moyo" uangukie pigo zito kwa silabi ya mwisho, ukasikika kama neno la kigeni. Tulilichelewesha neno kwa nusu ya pigo, likakaa. Ubeti wa pili bado ni wa Kiingereza, ameniahidi Ijumaa.