Hiari Isiyo ya Hiari



Ipo dhuluma isiyopiga kelele, kwa kuwa hutendwa kwa kalamu. Mwanamke akishajulikana kuwa ni mjamzito huitwa ofisini. Hapewi barua ya kufukuzwa. Hupewa karatasi iliyokwisha kuandikwa, isemayo kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, akaambiwa atie saini ndipo alipwe mshahara wa mwezi. Naye hutia. Nani asingetia, kodi ya chumba ikimngoja?

Kwa nini mwajiri ahangaikie hiari ya mtu anayemfukuza? Kwa sababu saini ile humnyang'anya mnyonge haki mbili kwa pigo moja. Hapa Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, mwanachama wa NSSF aliyechangia angalau miezi 18 kisha akaachishwa kazi anastahili fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kazi mwenyewe hapati. Tena, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, dini, kabila, ulemavu au UKIMWI, na inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba alimwachisha mtu kwa haki. Lakini athibitishe nini, ikiwa karatasi yasema hakuna aliyeachishwa?

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, hapa mnahitajika mapema. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, nasi mara nyingi siku hizo tunazimaliza kwa kuchanga unga na kutoa pole. Unga ni mwema. Lakini msindikizeni pia mpaka Tume, na hati zake za mshahara na mashahidi wake. Aliyekwisha kutia saini asikate tamaa: sheria hiyo hiyo huhesabu kuwa ameachishwa mtu aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri aliifanya isivumilike.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliitaja posho ya asiye na kazi kuwa ni wajibu utokao katika haki ya kuishi. Si hisani, basi. Wala tusiwanyoshee kidole wenye viwanda peke yao. Je, katika makabati ya shule zetu, ya zahanati zetu, na ya yule mfadhili aketiye benchi la mbele, hakuna barua za namna hiyo?