Redio ya boti na darubini ya nyota ni ndugu

Mfanyabiashara anayepakia mawese Rumonge kwenda Baraka au Kigoma anacho kifaa ambacho huenda hajawahi kukiona, ingawa hakosi kukitumia. Kimo ndani ya redio yake. Tukiite kichanganya mawimbi.

Kazi yake inaelezeka. Stesheni ya FM ikirusha matangazo kwenye megahezi 90, redio nyingi hutengeneza wimbi lao la ndani la megahezi 100.7. Kifaa hicho huyakutanisha mawimbi mawili, na tofauti yake, megahezi 10.7, ndiyo inayokuzwa hadi sauti isikike. Ukihamia stesheni nyingine, wimbi la ndani nalo huhama na tofauti inabaki ile ile. Mmarekani Edwin Armstrong alibuni utaratibu huu mwaka 1918.

Darubini za redio, yale masahani makubwa yanayosikiliza nyota, hufanya vivyo hivyo. Tabu ni kwamba ishara ya nyota ni hafifu mno, na kichanganya mawimbi chenyewe huongeza kelele. Kwa mawimbi ya juu sana, kama yale ya gigahezi 230 yaliyotoa picha ya shimo jeusi Aprili 2019, wahandisi hubandika matabaka mawili ya madini ya niobi na kuweka katikati utando wa kuzuia umeme wenye unene wa kama nanomita moja. Kisha kifaa hupozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ukikosea unene wa utando huo, umeipoteza nyota.

Sasa hoja yetu. Afrika Kusini ina washirika wanane wa Kiafrika katika mradi wa darubini ya SKA: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Katika Jumuiya yetu yumo Kenya peke yake. Katika ziwa letu yumo Zambia peke yake. Mwaka 2017 Ghana ilizindua darubini pale Kuntunse, kutokana na sahani ya zamani ya mawasiliano yenye upana wa mita 32. Kenya nayo ina kituo cha namna hiyo Longonot, na mazungumzo ya kukigeuza ni ya miaka mingi. Kijana wa Rumonge aliyesomea umeme Bujumbura anatazama kwa mbali.

Tunajua swali litakalotoka mwaloni: nyota zitanifaa nini, mimi ambaye maji ya ziwa yalinifuata hadi nyumbani mwaka 2024? Ni swali la haki. Lakini anayejua kupunguza kelele ya darubini anajua pia kutengeneza redio ya VHF ya vyombo vya majini. Chaneli yake ya 16, megahezi 156.8, ndiyo ya wito wa hatari duniani kote. Boti yenye simu ya mkononi tu haina wa kumwita pale mtandao unapoishia, na upepo wa Tanganyika hausubiri mnara ujengwe.

Hatudai Rumonge ijengewe darubini. Tunataka Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, iliyoko Kigali, iitake Kenya itenge nafasi za mafunzo Longonot kwa vijana wa nchi zote nane wanachama. Waanze na megahezi 1420, wimbi la gesi ya haidrojeni, ambalo hata sahani ndogo ya mita moja hulipata bila kifaa cha kupoza. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Bujumbura, iombe wahitimu hao wafungue karakana ya redio za boti hapa Rumonge. Na vipuri vyao visilale forodhani kwa sababu tu afisa hajawahi kuviona. Wasomaji wetu wanajua mzigo uliolala unagharimu kiasi gani.