Wacheni kumkata dada mshahara kwa sababu ya ndimu

Nianze kwa kukiri: ile video yangu ya kung'arisha jikoni kwa ndimu na siki, nimeifuta. Na nawaambia sababu.

Juzi nilienda kwa shangazi yangu. Jikoni ana kaunta ya marumaru nyeupe, fahari yake kabisa. Nikaikuta imepauka mabaka mabaka, na kando ya sinki kuna miduara saizi ya glasi. Shangazi alikuwa ashaamua: ni dada wa kazi, amemkata shilingi 3,000. Baadaye dada akanionyesha simu yake. Alifuata video. Yangu. Manze, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa sikizeni. Ile alama si uchafu. Marumaru ni kalsiamu kabonati, kitu kile kile kilichoko kwenye ganda la yai. Asidi ikiigusa, inaila. Huamini? Tia ganda la yai kwenye siki uone vile litatoa povu. Ndimu, siki, nyanya, juisi ya machungwa, soda: zote zina asidi. Dawa ya choo usiisogeze hata karibu. Na ukianza kusugua na waya wa sufuria, unaongeza mikwaruzo tu.

Kwa hivyo wenye nyumba, niwaulize: ile kachumbari ya Jumapili, nani alikamulia ndimu hapo juu bila ubao? Nani aliacha glasi ya juisi hadi asubuhi? Mduara wa glasi hauchorwi na kitambaa cha dada.

“Lakini fundi aliipaka dawa ya kuziba!” Sawa. Hiyo dawa inapunguza mafuta na chai kuingia ndani ya jiwe. Haizuii asidi kula uso wake. Granaiti ni ngumu zaidi, ndimu haiiwezi kirahisi, lakini nayo hunywa mafuta. Dondosha maji juu yake. Pakigeuka peusi baada ya dakika chache, inataka dawa tena. Na nyinyi wa nyumba za kupanga zenye terazo, msicheke. Terazo ya saruji na vipande vya marumaru inaliwa vile vile.

Utunzaji wenyewe ni bei rahisi: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini, suuza, kausha. Kitu kikimwagika, futa saa hiyo hiyo. Alama ikishaingia, ita fundi wa kung'arisha mawe.

Na kuhusu kukata mshahara: Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi. Makusudi! Mtu anayejaribu kukusafishia kaunta ana makusudi gani? Ulinunua jiwe la pesa nyingi hivyo, ukamkabidhi bila kumwambia hata neno moja vile linatunzwa. Hilo kosa ni lako.

Na ni langu pia. Nimemtumia dada 3,000 zake, na shangazi amenuna. Anune tu. Lakini wenzangu mnaotengeneza video, za ndimu bado ziko huko, na anayelipia si wewe wala mimi. Ni yule anayeshika kitambaa. Futa yako leo.