Masika yakibana, karatasi humfaa mtoto

Kati ya Machi na Mei, mvua za masika zikipamba moto, watoto walio kwenye vituo vya kulelea watoto mchana hushinda ndani. Uwanja umejaa maji, na mara nyingi kimbilio huwa televisheni.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Karatasi zilizokwisha kutumika zinaweza kujaza sehemu ya muda uliobaki.

Kuchana, kukunja na kubandika huimarisha misuli midogo ya vidole, ileile itakayomwezesha mtoto kufunga vifungo na baadaye kushika penseli. Hivyo, mzazi anayedai mwanawe wa miaka miwili afundishwe kuandika herufi afahamu kuwa kuchana karatasi ni hatua inayotangulia.

Matone ya mvua (miaka 2): Mtoto achane karatasi vipande vikubwa, avipake rangi ya bluu na kuvibandika kwenye boksi.

Mwavuli (miaka 3): Mlezi akate nusu duara. Mtoto aipambe, kisha abandike mpini wa karatasi iliyoviringishwa.

Mashua (miaka 4 hadi 5): Mtoto aikunje akisaidiwa, kisha aielekeze kwenye beseni la maji. Mlezi asiondoke hapo, na maji yamwagwe mchezo ukiisha, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji machache.

Gundi haina haja ya kununuliwa. Vijiko viwili vya unga wa ngano vikorogwe katika nusu glasi ya maji, vipikwe kwa moto mdogo hadi vizito, kisha vipoe. Itumike siku hiyohiyo.

Watoto wa chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni, hivyo shanga, maharage na pini za stepla visiwe karibu yao kwa sababu vinaweza kuwapalia. Mkasi uwe wenye ncha butu, na mikono ioshwe kwa sabuni kazi ikimalizika.

Jioni, mzazi akikabidhiwa mwavuli uliopinda na kujaa gundi, asikitike. Huo ndio uliotengenezwa na mtoto. Ulionyooka sana huenda ni kazi ya mwalimu.