Kuhitimu Umaskini

Katika lugha yote ya misaada hapa Tanzania, neno linaloniudhi zaidi ni "kuhitimu". Kaya iliyokuwa ikipokea ruzuku ya TASAF ikionekana inajimudu, inaondolewa kwenye orodha na kuambiwa imehitimu. Sisi tuliosoma tunajua vizuri kuhitimu kunavyoishia: joho, picha, kisha miaka ya kuzunguka na bahasha ya kaki. Mama wa kijijini hata joho hapewi.

Nisieleweke vibaya. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza 2012 na kuingia kipindi cha pili 2020, umefikia kaya zaidi ya milioni 1. Fedha zake zimenunua unga, sare na madaftari, na anayesema zinalemaza watu ajaribu yeye kulemaa kwa kiasi kile. Ugomvi wangu unaanzia pale mpango unapoahidi kazi.

Tuanze na zile zinazoitwa ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji, kupanda miti. Katika kipindi cha kwanza malipo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 60 zilizotawanywa katika miezi minne. Piga hesabu: 138,000. Wakati huohuo amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimtaka mwajiri wa shambani alipe si chini ya 100,000 kwa mwezi, yaani takribani 3,800 kwa siku. Serikali ilimkataza mwenye shamba kulipa kiasi ambacho yenyewe ilikuwa inalipa! Wataalamu wana jibu lao: ujira unawekwa chini makusudi ili mwenye uwezo asijitokeze, abaki fukara wa kweli. Kama njia ya kuwapata walengwa, naielewa. Ila tusiuite ajira. Huo ni mtihani wa ufukara unaofanywa kwa jembe.

Halafu kuna ujasiriamali. Mama anapewa mafunzo na ruzuku ya uzalishaji, anafuga kuku. Jirani yake naye kafuga kuku, na wa nyumba ya tatu vilevile. Kideri kikipita, mradi umekufa ndani ya wiki. Kisipopita, nani atanunua, ikiwa wateja wake ni walewale wenye kuku? Tukiwa vijiweni na digrii zetu tunalalamika hatuna mtaji wala soko, na tunasikilizwa. Mjane ambaye hakupata nafasi ya kusoma akishindwa biashara hiyohiyo, tunasema hana mwamko. Kila mtu anamwambia mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, wakati nguvu zenyewe zilishapangiwa bei ya 2,300.

Mnunuzi mkubwa wa kazi za mikono katika wilaya nyingi ni serikali. Mitaro inazibuliwa, nyasi za kando ya barabara zinafyekwa, na kazi hizo haziishi; mvua za mwaka kesho zitaziba tena. TARURA inazitangazia zabuni. Sheria ya ununuzi hata inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake na vijana, jambo zuri sana kwenye karatasi. Lakini zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, kwenye intaneti, na kikundi cha akina mama waliochimba lambo hakina wa kukisajili humo. Afisa anayewajua kwa majina, anayejua nani alifika kazini siku zote 60, yupo ofisi ya halmashauri. Kwa nini asiwasajili yeye?

Wapewe mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima, kwa kima cha chini cha kisheria, wachangiwe na mfuko wa hifadhi ya jamii. Kisha mpango upimwe kwa kuuliza aliyetolewa kwenye orodha yuko kazi gani miaka miwili baadaye, na analipwa na nani.

Najua swali linalokuja: fedha zitoke wapi? Kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Kazi ipo, na fungu lake lipo. TASAF na TARURA ni za serikali moja. Zikae meza moja kabla orodha nyingine ya wahitimu haijasomwa.