Mtihani wa urubani jeshini ni mara tatu tu maishani, mzazi usimharakishe mwanao

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo Jumapili usiku. Baba mmoja anayeishi Dallas, Marekani, dereva wa malori ya masafa marefu, aliwatangazia ndugu kwamba binti yake aliye mwaka wa mwisho wa uhandisi atafanya mtihani wa kuwa rubani wa Jeshi la Majini la Marekani. Bibi wa Arusha akatuma sauti ya kumwombea. Mashangazi wakajaza kundi kwa vigelegele. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Binti hakuwa tayari, na alijijua. Alikuwa amemnong'oneza mama yake kwamba kuna sehemu ya kutumia stiki kama ya ndege, na hajawahi kuigusa. Lakini tarehe ilishatangazwa kwa watu wa mabara mawili, akaona aibu kuisogeza. Akaenda. Kipimo cha urubani kikatoka 3 katika 9.

Kundi likawa kimya wiki nzima. Baba, kwa nia njema kabisa, akasema: "Si kuna kurudia? Rudia mwezi ujao yaishe."

Ushauri huo unafaa kwa mitihani mingi, lakini kwa huu unaweza kumgharimu mtoto ndoto yake.

Nafasi ni tatu, na ya mwisho ndiyo inayohesabika

Mtihani huo unaitwa ASTB. Hutumiwa na Jeshi la Majini, Marini na Walinzi wa Pwani wa Marekani kuchagua wanaotaka kuwa maofisa wa anga. Mtu anaruhusiwa kuufanya mara tatu tu maishani mwake. Kati ya mara ya kwanza na ya pili lazima zipite siku 30 kamili, na kati ya ya pili na ya tatu siku 90.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili: alama zinazochukuliwa ni za mara ya mwisho, hata kama ziko chini kuliko za mwanzo. Hakuna kuchagua zilizo nzuri. Aliyepata 6 akarudia kwa tamaa ya 8 akaambulia 4, amebaki na 4.

Kwa hiyo siku 30 ni muda wa chini wa kungoja. Si agizo kwamba siku ya 31 lazima awe kwenye kiti. Anayerudia kabla hajabadilisha namna ya kujiandaa ananunua matokeo yale yale kwa nafasi ambayo hatairudishiwa.

Pia, msichanganye mitihani. Jeshi la Anga la Marekani lina wake, AFOQT, na marubani wa Jeshi la Nchi Kavu wana mwingine, SIFT. Kitabu cha mmoja hakimalizi mwingine. Kabla ya kununua chochote, mtoto athibitishe kwa ofisa anayemsimamia ni mtihani gani anaoombea.

Ndani yake kuna nini

Sehemu ya kwanza ni hesabu, dakika 40, bila kikokotoo: sehemu, asilimia, aljebra, maumbo, mwendo na muda, uwezekano. Si hesabu za chuo kikuu. Shida ni kwamba mwanafunzi wa uhandisi aliyezoea kompyuta imkokotolee amesahau kugawanya kwa mkono. Nusu saa kila siku kwa kalamu na karatasi inatosha kumrudisha.

Ya pili ni ufahamu wa kusoma, dakika 30. Hapa mtego ni ujuzi wa ziada. Jibu sahihi ni lile linalotokana na kifungu peke yake. Kijana msomaji anaweza kuchagua jambo la kweli kabisa akakosa, kwa sababu kifungu hakikulisema.

Ya tatu, dakika 15, ni mambo ya mitambo: gia ipi itazunguka upande gani, kapi mbili zinapunguza uzito kiasi gani, maji yakipita kwenye bomba jembamba mwendo wake unakuwaje. Mtoto aliyewahi kushika spana akimsaidia baba yake kubadilisha tairi ana hazina kichwani. Ambaye hajawahi, aanze sasa.

Katika sehemu hizi tatu kompyuta hubadilisha maswali kulingana na majibu. Ukipatia, linalofuata linakuwa gumu zaidi, na huwezi kurudi nyuma kurekebisha. Mwambieni mtoto mapema: akiona maswali yanazidi kumkaza, huenda ni dalili kwamba anafanya vizuri. Wapo wanaovunjika moyo katikati ya mtihani wakidhani wanazama, kumbe wanapanda.

Ya nne, dakika 15, ni maarifa ya anga na bahari. Hii ndiyo inayolipa haraka zaidi kwa anayesoma. Nguvu nne zinazoifanya ndege iruke: ya kuinua, uzito, msukumo na ukinzani wa hewa. Usukani upi unaiinamisha ndege ubavu na upi unainua pua. Maili ya baharini ni mita 1,852, na noti moja ni maili hiyo moja kwa saa. Ndugu wa Wright waliruka tarehe 17 Desemba 1903. Eugene Ely alitua kwenye meli ya USS Pennsylvania tarehe 18 Januari 1911, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza ndege kutua juu ya meli. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, imeweka mtandaoni bure kitabu kizima cha maarifa ya rubani. Hakuna sababu ya kuanza kwa kutumia fedha.

Masikio, mikono na ramani

Sehemu iliyomwangusha binti wa Dallas ni ya vitendo. Mtahiniwa huvaa hedifoni, mkono mmoja kwenye stiki, mwingine kwenye wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini.

Kwanza huonyeshwa ramani yenye ndege isiyo na rubani ikielekea upande fulani, kisha picha ya kamera ya ndege hiyo: jengo katikati, maegesho pande nne. Anaambiwa abofye, tuseme, maegesho ya kaskazini, haraka. Siri yake ni moja: juu ya picha ni kule ndege inakoelekea. Ndege ikielekea kusini, juu ya picha ni kusini, na kaskazini iko chini. Zoezi hili halihitaji mashine. Chora kadi 40 za karatasi na mpime muda mezani.

Kisha huja masikio. Herufi na namba husomwa katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, na mtahiniwa ameambiwa afuate sikio moja tu. Akisikia namba witiri anabonyeza kitufe kimoja, akisikia shufwa kingine. Baadaye anafanya hivyo huku akifukuza alama mbili kwenye kioo, moja kwa stiki na nyingine kwa wenzo. Halafu huongezwa dharura: taa inawaka, naye akumbuke alivyoelekezwa kurekebisha mafuta na nguvu ya injini bila kuacha kuifuata alama.

Hakuna anayejua kufanya haya kwa kusoma tu. Ni kama baiskeli. Stiki ya bei nafuu ya michezo ya kompyuta, dakika 20 kila siku kwa wiki sita, ina faida kuliko saa kumi za usiku wa mwisho. Na kwa masikio, mdogo wake amsomee namba sikio moja huku redio ikiongea sikio la pili. Nyumba yenye kelele, kwa mara moja, inakuwa na manufaa.

Sehemu ambayo watoto waliolelewa vizuri hukosea

Kuna sehemu ya tabia. Mtahiniwa hupewa sentensi mbili na kuambiwa achague inayomfanana zaidi. Mara nyingine zote mbili ni nzuri, mara nyingine zote mbili hazipendezi. Mtoto aliyefundishwa tangu utoto kwamba kuna jibu ambalo mkubwa anataka kulisikia huanza kulitafuta. Anajichora malaika, na majibu yake yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Hapa maandalizi ni kujijua na kusema kweli.

Vivyo hivyo dodoso la historia ya mtu, ambalo huweza kujazwa mtandaoni kabla ya siku ya mtihani. Linauliza alichowahi kufanya, kisha linadai maelezo: lini, wapi, mara ngapi. Mtoto wa wahamiaji anaweza kudhani hana la kuandika kwa sababu hakupelekwa kwenye klabu za gharama. Mzazi ndiye anayekumbuka kwamba alilea wadogo zake mama alipokuwa zamu ya usiku, kwamba alitengeneza kompyuta ya kanisa, kwamba alikimbia mbio za shule miaka minne. Kaeni naye mkumbushane. Kukumbushana si kumtungia. Ya uongo yasiongezwe hata moja.

Kazi ya mzazi

Kwanza, karatasi. Ofisa wa jeshi la Marekani lazima awe raia wa nchi hiyo. Kadi ya kijani haitoshi. Wazazi wengi hawajui kwamba mtoto mwenye kadi ya kijani aliyekuwa chini ya miaka 18, akiishi Marekani chini ya uangalizi wa mzazi aliyepata uraia, kwa kawaida naye amekuwa raia kwa sheria. Kama ndivyo, achukuliwe pasipoti yake mapema, isije ikawa yeye amefaulu na hati ndiyo inayomkwamisha.

Pili, ndugu. Baadaye, katika uchunguzi wa usalama, ataulizwa jamaa wa karibu walioko nje ya nchi. Kuwa na bibi Arusha si kosa. Kumficha bibi ndilo kosa. Mzazi amsaidie kupata majina na tarehe sahihi za kuzaliwa, hasa kwa koo zetu ambamo mtu mmoja ana majina matatu.

Tatu, na hili ndilo zito, mzazi aulize bila kutoa hotuba: "Unaitaka kazi hii?" Rubani wa Jeshi la Majini hufungwa kutumikia miaka 8 tangu siku anapopata mabawa yake, na mafunzo ya kuyapata ni zaidi ya mwaka. Ni kazi ya kwenda vitani ikibidi. Mtoto anayefanya mtihani ili baba apate la kuandika kwenye kundi la ukoo anabeba mzigo ambao haumo kwenye kitabu chochote cha maandalizi.

Kama anaitaka, asitiwe hofu kwamba milango ile si ya watu weusi. Jesse Brown, aliyezaliwa katika familia maskini huko Hattiesburg, Mississippi, alipata mabawa ya urubani wa Jeshi la Majini mwaka 1948, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu mafunzo hayo. Julai 2020 Madeline Swegle akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa rubani wa ndege za kivita za jeshi hilo. Wa kwanza walishapita.

Nne, tarehe iwe ya mtoto. Kipimo kizuri cha utayari ni majaribio ya nyumbani: afanye matatu kwa muda kamili, siku tofauti, na yote yampe alama anayoitaka. Likipanda moja likashuka jingine, bado. Na usiku wa kuamkia mtihani alale. Sehemu ya masikio na mikono haina huruma kwa mtu mwenye usingizi.

Nyumba ya Dallas

Mama wa binti yule alimwomba mumewe mambo mawili: asitangaze tena tarehe, na amsikilize mtoto. Baba alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akauliza ni wapi hasa alipokwama. Binti akamweleza habari ya namba za masikioni.

Miezi miwili sasa imepita na binti hajarudia. Stiki imefungwa kwenye meza ya kulia chakula, na wadogo zake wamekatazwa kuigusa hadi amalize. Jioni baba akishaegesha lori lake, popote alipo, hupiga simu. Binti huweka spika ya sikio moja, na sikio la pili huliachia televisheni. Baba anasoma polepole, kisha kwa haraka: saba, K, nne, tisa, R, mbili. Binti anajibu witiri, shufwa, witiri, shufwa. Akikosea, wanaanza upya.

Juzi shangazi aliuliza kwenye kundi mtihani wa pili ni lini. Baba akajibu kwa mstari mmoja: "Siku ikifika atasema mwenyewe."