Eti kulala hemani ni mambo ya wazungu?

Juzi nilifanya kosa la kuwaambia wenzangu pale chumba cha habari kwamba likizo hii nataka kwenda kulala hemani, msituni. Walicheka mpaka mhariri akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. "Wewe una chumba chako Sinza, porini unafuata nini?" akaniuliza mmoja. Mwingine akamalizia: "Mwacheni, kashakuwa mzungu huyo. Kesho atatuambia anataka na farasi!"

Hilo la farasi ndilo lililonikaa kichwani. Usiku nikaingia mtandaoni kuchimba, na niliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya niandike leo.

Kaskazini magharibi mwa Nebraska, kule Marekani, kuna hifadhi ya jimbo inayoitwa Fort Robinson, yenye zaidi ya ekari 22,000. Watu huenda huko na familia zao, wengine wakiwa na farasi wao kwenye matrela. Wanapiga hema, wanakodi nafasi ya farasi bandani, halafu wanashinda vilimani. Ukitazama picha za watalii wa aina hii, utakubaliana na wenzangu: hapa sisi hatumo.

Hebu subiri kwanza. Mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi tangu 1874 hadi 1948. Kuanzia 1885 waliletwa askari wa Kikosi cha 9 cha wapanda farasi, na askari hao walikuwa weusi. Ndio wale Buffalo Soldiers ambao wengi wetu tumewajua kupitia wimbo wa Bob Marley. Kwa zaidi ya miaka kumi, watu waliopanda farasi kwenye vilima vile, wakalala hemani kwenye baridi na kuwapiga brashi farasi alfajiri, walikuwa na rangi kama yangu na yako.

Mmoja wa maofisa waliopita hapo ni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864. Mwaka 1903 akapewa kazi ya kukaimu usimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, California. Askari wake walifanya doria kwa farasi na kukamilisha barabara ya kufika kwenye msitu wa ile miti mikubwa. Mwaka 1918, jeshi lilipokuwa limemstaafisha kwa madai ya afya, alipanda farasi kutoka Ohio hadi Washington kuonyesha kwamba bado anaweza. Alifariki Lagos, Nigeria, mwaka 1922. Sasa niambieni, huyu naye alikuwa "anaiga wazungu"?

Sisemi historia hiyo ni safi. Hapo hapo Fort Robinson ndipo alipouawa Crazy Horse, kiongozi wa Walakota, mwaka 1877. Na Januari 1879 Wacheyenne waliofungiwa hapo walitoroka usiku kwenye theluji, wengi wao wakapigwa risasi. Baadaye askari weusi nao walitumwa kuwadhibiti wenyeji. Sisi wenyewe tunajua habari za ardhi nzuri kuondolewa watu wake: Wamaasai walihamishwa Serengeti mwaka 1959.

Na ile dhana kwamba burudani ya porini ina rangi haikuanguka kutoka mbinguni. Ilijengwa. Kule Virginia, mtu mweusi alipofungua kesi mwaka 1948 baada ya kukataliwa hifadhi ya jimbo, serikali ilijibu kwa kuwatengenezea weusi hifadhi yao ya pembeni, iliyofunguliwa 1950. Ukimfungia mtu mlango kwa muda mrefu, wajukuu zake watakuambia wao hawapendi tu kuingia.

Kwetu hapa mlango umefunguliwa. Ada ya mwananchi hifadhini ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni. Lakini Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kusema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ingawa alijua wanyama wale ni utajiri wa nchi. Namheshimu Mwalimu, ila nadhani hapo ndipo tulipokwama. Tumekubali kwamba pori ni la kuwauzia wengine.

Hasara yake ni hii: mtu hapigi kelele kwa ajili ya mahali asipopajua. Wale wenye farasi wana masharti yao. Farasi hafungwi kwenye shina la mti, maana atatafuna gome na kuchimbua mizizi. Hufungwa kwenye kamba iliyovutwa juu kati ya miti miwili. Sehemu nyingi nyasi zake lazima ziwe hazina mbegu za magugu, na kinyesi unakizoa mwenyewe. Aliyewahi kuzoa kinyesi ili msitu ubaki safi, siku msitu ule ukivamiwa hatanyamaza. Je, sisi ambao Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko hapo nje ya Dar, tukisikia magunia ya mkaa yanatoka huko, nani kati yetu ataumia?

Farasi sina, na nauli yenyewe nahesabu. Ila hema nimeshaazima. Jumamosi nakwenda Pugu. Kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi humo ndani. Mnasemaje?